Harufu kwa Mchele: Mazao ya Biashara ya Visiwa vya Komoro

Visiwa vya Komoro huuza nje mazao matatu: karafuu, vanila na mafuta ya langilangi. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki cha kupakia melini ni kidogo mno. Yote matatu ni mazao ya harufu. Hakuna hata moja linaloweza kutiwa chunguni likamshibisha mtoto. Kinachoshibisha, yaani mchele, hutoka Asia kwa magunia, na nyuma yake hufuata unga wa ngano, sukari, mafuta ya kula, saruji, petroli na vipaja vya kuku vilivyogandishwa. Biashara ya nje ya nchi hii husomeka vizuri zaidi kwenye mizani: kinachotoka ni chepesi na ghali, kinachoingia ni kizito na hakikosi mnunuzi hata siku moja.

Wepesi huo una sababu zake. Ngazija, Nzwani na Mwali, visiwa vitatu vinavyounda taifa hili, kwa pamoja vina eneo la takriban kilomita za mraba 1,860, kiasi kinachoipita Unguja kwa kidogo tu. Vimezaliwa na volkano. Ngazija, kilicho kikubwa zaidi, kimeketi juu ya mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361 ambao bado ni volkano hai, na mwamba wake una umri mdogo kiasi kwamba mvua ikinyesha maji huzama yote. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima, na vijiji vingi vimeishi kwa maji ya birika zinazokinga mvua. Bandari ya Moroni, mji mkuu, haina kina, kwa hiyo meli kubwa hutia nanga mbali na shehena huvushwa kwa mashua. Katika mazingira ya namna hiyo, zao la kusafirishwa kwa maelfu ya tani haliwezi kushindana na mashamba ya bara. Zao linaloingia kwenye kibweta, likakaa miezi bila kuharibika na likauzwa kwa bei ya vito, hilo linaweza.

Hata hivyo, visiwa havikuanza na harufu. Vilianza na sukari. Katikati ya karne ya 19 Mwingereza William Sunley, aliyekuwa pia mwakilishi wa serikali yake Nzwani, alilima miwa huko Pomoni kwa nguvu za watumwa aliowakodi kwa mabwana zao, na sultani wa kisiwa naye akaingia katika biashara hiyohiyo. Ngazija ilipata mgeni mwenye tamaa kubwa zaidi. Mwaka 1885 Mfaransa Léon Humblot, aliyekuja kama mtafiti wa mimea, alitia saini na Sultani Said Ali mkataba uliompa haki ya kulima ardhi yoyote aliyoitaka kisiwani, naye kwa upande wake akaahidi kumlipa sultani sehemu ya faida. Mikataba michache ya karne ile ilimpa mtu mmoja kikubwa kwa ahadi ndogo namna ile. Kampuni yake ilitwaa maeneo makubwa ya ardhi nzuri, na Wafaransa wenyewe wakamwita Humblot sultani mweupe. Mwaka 1912 Komoro ilitangazwa rasmi kuwa koloni la Ufaransa, ikawa inatawaliwa kutoka Madagaska hadi 1946.

Sukari ya visiwani ilishindwa. Viwanda vilikuwa vidogo, soko lilijaa, na kazi ya bure ya watumwa ilifikia mwisho wake. Makampuni ya mashamba yakageukia mazao yaliyokuwa yakitafutwa na viwanda vya Ufaransa, hasa watengenezaji manukato wa mji wa Grasse. Ndipo mashamba ya miwa yalipopandwa vanila na milangilangi, na vijiji vilivyobaki bila ardhi ya kutosha vikasukumwa kwenye miteremko ya milima. Uhuru ulipopatikana tarehe 6 Julai 1975, kisiwa cha nne, Maore, kikabaki na Ufaransa, na sehemu ya ardhi ya makampuni ikarudi mikononi mwa wenyeji, baadhi kwa kuuziwa, baadhi kwa kuingia tu na kulima. Mazao hayakubadilika. Aliyebadilika ni mkulima: vibarua na watoto wa vibarua wakawa na vishamba vyao wenyewe, ekari moja hapa na nusu ekari pale, vanila ikitambaa chini ya minazi na migomba.

Vanila ni mmea wa jamii ya okidi uliotoka Mexico. Huko kwao kuna nyuki wanaojua kuingia katika ua lake. Kwingineko duniani hakuna mdudu anayeifanya kazi hiyo kwa uhakika, na kwa miaka mingi mmea ulikua vizuri katika visiwa vya Bahari ya Hindi bila kuzaa tunda la kuuzwa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond aligundua namna ya kuchavusha ua hilo kwa kijiti na kidole gumba. Alipoachwa huru mwaka 1848 alipewa jina la Albius, na mwaka 1880 alikufa maskini. Kila tunda la vanila lililouzwa kutoka Komoro limepita katika ugunduzi wa mtoto huyo.

Namna yenyewe haijabadilika. Ua hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo, kwa hiyo mchavushaji huingia shambani asubuhi na mapema, mkononi ana mwiba wa mchungwa au kijiti kilichochongwa. Hulishika ua kwa mkono wa kushoto, hupasua upande mmoja wa mfereji wake, hukiinua kwa ncha ya mwiba kiwambo chembamba kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, kisha hubonyeza kwa kidole gumba chavua igusane na sehemu ya kike. Kazi hiyo huchukua nukta chache. Aliyezoea humaliza maua elfu moja na zaidi kabla ya jua kuwa kali. Kesho yake hurudi, kwani kila kichala kina maua mengi na hufunguka moja au mawili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Mwenye busara hachavushi yote. Mmea ukibebeshwa matunda mengi hudhoofika, na mwaka unaofuata hauna kitu.

Tunda hukomaa kwa miezi kama tisa. Linapochumwa ni la kijani na halinuki chochote. Harufu huamshwa baadaye, na hapo ndipo vanila inapotofautiana na mazao mengi ya biashara: thamani yake kubwa hutengenezwa baada ya kutoka shambani. Matunda hutumbukizwa kwa dakika chache katika maji ya moto yasiyochemka, ya nyuzijoto zinazokaribia 65, kisha hufungwa katika mablanketi ya sufi ndani ya sanduku ili yatoke jasho. Hutoka humo yakiwa na rangi ya chokoleti. Baada ya hapo huanikwa juani saa chache kila siku na kufungwa tena yakiwa bado na joto, wiki baada ya wiki, halafu huhamishiwa kivulini juu ya vichanja, na mwisho hulazwa miezi katika masanduku yaliyotandikwa karatasi. Mkaushaji huyapitisha vidoleni moja moja. Lililo laini na lenye kujipinda bila kuvunjika hutengwa na lililopasuka, na lenye ukungu hutupwa kabla halijaambukiza mengine. Kilo tano au sita za vanila mbichi hutoa kilo moja tu ya vanila kavu.

Mkulima wa kawaida wa Ngazija haikaushi mwenyewe. Huiuza mbichi kwa mnunuzi anayezunguka vijijini, mnunuzi humpelekea mkaushaji, mkaushaji humuuzia msafirishaji, na wasafirishaji wenye leseni ni wa kuhesabika. Kila msimu serikali hutangaza kima cha chini cha bei ya vanila mbichi. Tangazo hilo husaidia pale tu ambapo mnunuzi anaihitaji sana bidhaa. Soko likilala, mkulima mwenye karo za watoto huuza kwa bei anayopewa, na karatasi ya serikali hubaki ukutani. Kuna tatizo jingine, la wizi. Vanila ikiwa ghali, matunda huibwa usiku mwezi mmoja kabla ya kukomaa, na mwenye shamba akiogopa kuibiwa huyachuma mapema. Tunda changa likikaushwa halitoi harufu ya kutosha. Hivyo bei nzuri ndiyo inayoiharibu vanila, na vanila mbovu nayo huishusha bei ya msimu unaofuata.

Komoro iliwahi kushika nafasi ya pili duniani kwa vanila, nyuma ya Madagaska, na vanila ya visiwa hivi pamoja na ya Madagaska na Réunion iliuzwa kwa jina moja la Bourbon, jina la zamani la Réunion. Madagaska, jirani huyo mkubwa, ndiye anayepanga bei. Kimbunga kikipiga pwani yake ya kaskazini mashariki, Moroni husherehekea, japo si kwa kusema waziwazi. Baada ya vimbunga vya 2000 na 2004 na misukosuko ya kisiasa ya huko, kilo ya vanila kavu ilifika dola 500 za Marekani. Mwaka 2005 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 50. Kimbunga Enawo cha mwaka 2017 kiliipandisha tena hadi kama dola 600 mwaka uliofuata. Madagaska ikajaribu kuizuia isishuke kwa kuweka kima cha chini cha dola 250 kwa kilo inayosafirishwa nje, ikakiacha mwaka 2023, na soko likashuka kwa kishindo. Kila bei inapopanda, watu hupanda vanila Uganda, Indonesia, Papua New Guinea na hata Kagera ya Tanzania, na miaka mitatu baadaye, mimea inapoanza kuzaa, bei imekwisha kuanguka. Nyuma ya yote hayo kuna mshindani asiyejua kimbunga wala wizi: vanilini ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1874, ambayo leo ndiyo iliyomo katika sehemu kubwa sana ya biskuti na aiskrimu za dunia.

Karafuu haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili. Kinachofanyika Nzwani na Mwali ni kilekile cha Pemba. Vishada huchumwa kabla maua hayajafunguka, huchambuliwa kuondolewa makonyo, huanikwa juani siku kadhaa, na kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa vizuri, lakini ukishakomaa huweza kumzika aliyeupanda na mwanawe pia. Haudai kuchavushwa. Haudai hata palizi nyingi. Kwa sababu hiyo wakulima wengi waliochoshwa na vanila waliwekea matumaini mikarafuu yao, na katika miaka ya karibuni karafuu imekuwa ndiyo inayoingiza fedha nyingi zaidi kuliko mazao mengine mawili. Ila mkarafuu una tabia zake: mwaka mmoja hubeba hadi matawi yakainama, miaka miwili au mitatu inayofuata hupumzika. Bajeti ya nchi hupanda na kushuka pamoja nao.

Mnunuzi wa mwisho wa karafuu si mpishi. Karafuu nyingi za dunia husagwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek zinazovutwa Indonesia, na Indonesia hiyohiyo ndiyo inayolima karafuu kuliko nchi yoyote. Msimu wake ukiwa mzuri hujitosheleza. Ukiwa mbaya, wajumbe wake huzitafuta Pemba, Madagaska na Komoro. Ilipofanikiwa kupanda mikarafuu ya kutosha katika miaka ya 1980, bei ya dunia ilianguka na Zanzibar ikaumia, Komoro ikaumia pamoja nayo.

Katika zao la tatu, langilangi, Komoro haina mpinzani. Mlangilangi, mti wenye asili ya Asia ya Kusini Mashariki, ulianza kukamuliwa mafuta Ufilipino katika karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukahamia visiwa hivi. Mafuta yake yamo katika manukato mengi mashuhuri ya Ufaransa, ikiwemo Chanel No. 5 iliyotolewa mwaka 1921. Komoro, na hasa Nzwani, ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kisiwa cha Nosy Be cha Madagaska hufuata.

Mlangilangi ukiachwa hupanda juu kama mnazi. Shambani haupewi nafasi hiyo. Hukatwa kilele ukiwa mdogo na matawi yake huinamishwa yakue kwa upana, hata mti wa miaka 40 ukawa na shina nene lililojisokota na kimo cha mtu. Shamba zima huonekana kama kundi la wazee waliokunja migongo. Wachumaji, wengi wao wanawake, huingia alfajiri umande ukiwa bado majanini, na huchagua maua ya manjano yenye alama nyekundu katikati, kwani ua la kijani halina mafuta ya maana. Hulipwa kwa kilo. Kabla ya adhuhuri maua lazima yawe yamefika mtamboni. Yakilala kikapuni huchacha na kuwa meusi.

Mtambo ni pipa kubwa la shaba au la chuma kisichoshika kutu, lililowekwa juu ya tanuri la mawe na udongo, na bomba linalopita ndani ya maji baridi. Mvuke hupanda katikati ya maua, huchukua mafuta, hupozwa na kutona chupani. Mafuta ya saa za mwanzo ndiyo mazito na yenye harufu kali kuliko yote. Hayo huuzwa kwa watengenezaji manukato. Yanayofuata hugawanywa katika daraja la kwanza, la pili na la tatu, kadiri uzito unavyopungua, na ya mwisho huishia kwenye sabuni. Msimamizi wa mtambo hubadilisha chupa usiku kucha, kwani ukenekaji mmoja huweza kuchukua saa 20. Kilo 50 za maua hutoa karibu lita moja.

Saa 20 za moto zinataka kuni. Hapo ndipo hesabu ya Nzwani inapoharibika. Kisiwa hicho cha kilomita za mraba 424 kina watu zaidi ya 300,000, na mitambo imetapakaa kila bonde, kwa kuwa maua hayawezi kusafirishwa mbali. Miembe na mifenesi iliyokatwa kwa ajili ya tanuri haikurudishiwa, na msitu wa mlimani ukafuata. Mingi ya mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima katikati ya karne ya 20 leo ni mawe makavu ila siku za mvua. Ni rahisi kumlaumu mwenye mtambo. Lakini yeye hukodi pipa, hununua kuni kwa mkopo, na bei ya mafuta hupangiwa na wanunuzi wachache; mti uliosimama haumlipi mtu, mti uliokatwa humlipa aliyekata na aliyebeba. Matanuri mapya yenye bomba la moshi na milango ya kufungwa, yanayopunguza sana kuni zinazoteketea, yameanza kujengwa kwa msaada wa miradi ya nje. Wanaoyamudu bila msaada ni wachache.

Kwa muda mrefu Ulaya ilikuwa na dawa ya bei kuanguka. Chini ya mikataba ya Lomé, iliyoanza mwaka 1975, kulikuwa na mfuko wa STABEX uliozilipa fidia nchi za Afrika, Karibea na Pasifiki mapato ya mazao yao yaliposhuka. Vanila, karafuu na mafuta ya langilangi yalikuwemo katika orodha ya mazao hayo, na Komoro ilinufaika mara kadhaa. Fidia hiyo iliiwezesha serikali kuvuka mwaka mbaya, lakini ililipwa kwa serikali, si kwa mkulima, na haikumpa mtu yeyote sababu ya kuacha mazao yaliyokuwa yakianguka. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 uliiondoa. Baadaye nchi ilipata nafuu ya aina nyingine pale sehemu kubwa ya deni lake la nje ilipofutwa mwaka 2012.

Mchele nao una historia yake. Mpunga wa milimani ulilimwa visiwani tangu zamani, ila wingi wa watu na ardhi iliyoshikwa na mashamba ya biashara viliufanya uwe kumbukumbu zaidi kuliko chakula. Uagizaji wa mchele wa kawaida ulikabidhiwa shirika la serikali, ONICOR, ili bei isimshinde mwananchi. Meli ikichelewa, foleni huanza Moroni na Mutsamudu, bandari ya Nzwani, na hakuna serikali ya Komoro inayolichukulia jambo hilo kwa mzaha. Mauzo ya mazao yote matatu hayatoshi kulipia vitu vinavyoagizwa. Katika miaka mingi hata robo yake hayafiki.

Pengo huzibwa na watu. Wakomoro wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, hutuma nyumbani fedha nyingi kuliko zinazoletwa na karafuu, vanila na langilangi kwa pamoja. Zamani Ngazija vanila ndiyo iliyogharimia harusi kubwa, ile ambayo kila mwanaume wa heshima hutarajiwa kuifanya kwa dhahabu, ng'ombe na karamu za siku nyingi. Sasa hugharimiwa na mshahara wa Ulaya. Vijana waliokuwa wakichavusha wamehama, na ardhi ya manyahuli, ile ya ukoo isiyouzwa na inayorithiwa kwa upande wa wanawake, mahali pengi imebaki mikononi mwa mama na shangazi wanaochavusha kadiri wanavyoweza. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Ngazija na kung'oa migomba, minazi na miti iliyokuwa ikiitia vanila kivuli. Wenye jamaa nje walirudishia mapema, wasio nao walingoja.

Mazao yenyewe hayajaachwa. Julai na Agosti, ndege zinaposhusha wageni wa harusi pamoja na masanduku yao, ndio msimu wa kukausha, na katika vijiji vya juu vya Ngazija mablanketi yenye vanila hutandazwa juani saa nne asubuhi, kando ya uwanja ambao jioni ngoma itachezwa, na hukunjwa tena kabla ya adhuhuri.